Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani Afrika Mashariki

Kila mwaka kuna watu wa Himo, Marangu, Mwika, Rombo na Same wanaofika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji. Baadhi yao huambiwa wana saratani ya umio, yaani ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mkoa wa Kilimanjaro upo kwenye ukanda mrefu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani hii ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia.

Siku hizi tunasikia kwamba wanasayansi wanaweza kusoma vinasaba vya uvimbe, wakajua ni saratani ya aina gani na dawa ipi itaufaa. Jambo hilo linasikika kama la maabara za mbali. Lakini moja ya njia zilizofikisha elimu ya saratani hapo ilianzia wodi ya watoto mjini Kampala, ikapita barabara za vumbi za Uganda, Kenya na Tanganyika. Aliyeianza alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, jina lake Denis Burkitt. Haya ndiyo maisha yake, na yale yaliyofuata baada yake.

Mtoto wa mhandisi aliyependa ndege

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali aliyesimamia barabara na madaraja ya jimbo lao. Kazi yake ya mapumziko ilikuwa kuchunguza ndege wadogo wa bustanini. Aliwafunga pete miguuni ili asiwachanganye, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anatawala eneo gani. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Mwanawe naye alikuja kupata sifa kwa ramani, ila yeye alichora za magonjwa.

Denis alipokuwa na miaka 11 watoto walirushiana mawe. Jiwe moja likavunja miwani yake na vipande vya kioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Aliishi na jicho moja maisha yake yote, na kwa jicho hilo alifanya upasuaji kwa miaka mingi.

Alipofika chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin alianza kusomea uhandisi kama baba yake, halafu akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa ya daktari bingwa wa upasuaji. Alikuwa Mkristo mwenye imani kubwa, na aliamini anaitwa kufanya kazi Afrika. Alipoomba kazi kwenye utumishi wa kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Alijiunga na jeshi kama daktari, akapelekwa Kenya na Somalia, na huko akaizoea Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, nao wakajaliwa mabinti watatu.

Somo la mabusha huko Lango

Mwaka 1946 alipata kazi ya udaktari Uganda na kupelekwa Lira, katika wilaya ya Lango. Eneo lilikuwa kubwa na watu walikuwa wengi, lakini madaktari walikuwa wachache mno. Kila siku alifanya upasuaji wa kila aina.

Wanaume wengi walimjia na mabusha. Daktari mwingine angeyafanyia upasuaji na kuendelea na kazi. Burkitt alianza kuwauliza wanatoka wapi. Akaona kwamba upande wa mashariki wa wilaya karibu mwanaume mmoja kati ya watatu alikuwa na busha, na upande wa magharibi ugonjwa huo ulikuwa nadra sana. Wilaya ni moja na serikali ni moja, lakini ugonjwa ulikuwa na upande wake. Leo tunajua sababu. Mabusha mengi ya namna hiyo husababishwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na mbu hawaishi kila mahali kwa wingi ule ule.

Tangu hapo, kila alipokutana na ugonjwa asioufahamu alitaka kujua kwanza unapatikana wapi, na wapi haupo.

Watoto wenye taya zilizovimba

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepoteza umbo. Burkitt hakuelewa. Jipu au saratani aliyoizoea huanza sehemu moja, lakini kwa mtoto huyu uvimbe ulikuwa umetokea sehemu nne kwa pamoja.

Baada ya wiki chache alikwenda hospitali ya Jinja. Akiwa kazini alichungulia dirishani, akamwona mtoto wa kike amekaa nje na mama yake, naye uso umevimba vile vile. Alipompima akakuta na uvimbe tumboni pia. Mmoja angeweza kuwa bahati mbaya, lakini sasa walikuwa wawili. Burkitt alirudi Mulago, akafungua majalada ya miaka ya nyuma na kuona kwamba watoto kama hao walikuwa wamepita hospitalini wengi tu. Kila daktari alikuwa ameandika sehemu aliyoiona yeye: huyu taya, huyu figo, huyu tumbo. Hakuna aliyekuwa ameviunganisha kuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 aliandika makala kuhusu watoto hao katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Wataalamu wa maabara wa Kampala walipochunguza vinyama vilivyokatwa waligundua kwamba ilikuwa saratani ya chembe za kinga za mwili, zile zinazokaa kwenye matezi. Baadaye saratani hiyo ikaitwa kwa jina lake, saratani ya Burkitt.

Kwa watoto wenyewe hali ilikuwa mbaya. Uvimbe ulikua haraka kuliko karibu uvimbe wowote unaojulikana kwa binadamu. Kisu cha daktari hakikusaidia, na wengi walifariki ndani ya miezi michache.

Safari ya kilomita 16,000

Burkitt alitumia njia yake ya Lango. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona uvimbe wa namna hii. Kila jibu aliliweka kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Polepole ukanda ukajitokeza katikati ya Afrika, na kutoka hapo mkia ukateremka upande wa mashariki.

Alitaka kujua ukanda huo unaishia wapi hasa. Oktoba 1961, miezi ile ile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupata uhuru wake, Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu la Ford, na ilisaidia kwamba Williams alijua kulitengeneza lilipoharibika. Kwa wiki kama kumi walizunguka Afrika Mashariki na Kusini, kiasi cha kilomita 16,000, wakitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha, wakafungua madaftari ya wodi, wakawauliza madaktari, waganga wasaidizi na wauguzi. Historia imehifadhi majina ya madaktari watatu waliokuwa garini. Majina ya wauguzi na wasaidizi waliojibu maswali hayakuhifadhiwa, ingawa bila kumbukumbu zao ramani ile isingekuwepo.

Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Walipozidi kwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Kwa hiyo tatizo halikuwa mlima wenyewe. Lilikuwa baridi. Ugonjwa ulipatikana penye joto na mvua ya kutosha. Haukupatikana penye baridi wala penye ukame.

Mtu wa Kilimanjaro anaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko mtu wa London. Himo iko chini, penye joto. Panda gari kuelekea Marangu, na baada ya muda mfupi unatafuta sweta. Wazee wanajua pia kwamba malaria ya tambarare haikuwa malaria ya juu migombani. Ramani ya Burkitt ilifanana sana na ramani ya mbu na malaria. Watafiti waliofuata walithibitisha kwamba mtoto anayeugua malaria mara kwa mara anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii.

Virusi ndani ya kichupa kilichochelewa

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Kati ya waliosikiliza alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulika na virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Epstein aliposikia habari za saratani inayofuata joto na mvua aliamini kuna kiini cha kuambukiza. Wakakubaliana kwamba vinyama vya uvimbe vitumwe London kwa ndege kutoka Uganda.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege ishindwe kutua London, ikapelekwa Manchester, na kichupa kikachelewa. Kilipofika maji yake yalikuwa na ukungu kama yaliyooza. Epstein alipoangalia kwa hadubini aliona chembe za saratani zilizo hai, zimeachana na kinyama na zinaelea. Chembe hizo zikakubali kukuzwa maabara. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Karibu kila mtu mzima duniani anavyo virusi hivyo na havimdhuru. Madhara hutokea vinapokutana na mambo mengine, kama malaria ya mara kwa mara kwa mtoto mdogo.

Wakati huo huo Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani kwa wagonjwa wake. Alikuwa na dawa chache, na vipimo vya kisasa hakuwa navyo. Hata hivyo aliona uvimbe wa taya ukinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Wakati ule madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba dawa inaweza kuponya saratani. Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago, na kutoka hapo ikakua Taasisi ya Saratani ya Uganda inayofanya kazi hadi leo.

Lango la mfongo lililokwama wazi

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, lakini saratani aliyoieleza iliendelea kuwafundisha wanasayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waligundua kinachotokea ndani ya chembe yake. Ili kukielewa, fikiria mifongo ya Uchagani.

Maji ya mfongo hutoka mlimani na kupita mashamba mengi. Kila shamba lina lango lake. Siku ya zamu yako unafungua, shamba linanyweshwa, kisha unafunga. Mwili nao uko hivyo. Kila chembe ina vinasaba maelfu kwa maelfu, na karibu chembe zote za mtu mmoja zina vinasaba vile vile. Chembe ya jicho hutofautiana na ya ini kwa sababu kila moja hufungua malango yake na kufunga mengine. Wataalamu wanapopima utendaji wa vinasaba ni kama wanazunguka mashambani kuangalia lango gani limefunguliwa, lipi limefungwa, na maji yanapita kwa kiasi gani.

Kuna kinasaba kinachoitwa MYC ambacho kazi yake ni kuiambia chembe ikue na kugawanyika. Kwa kawaida hufunguliwa kidogo na kufungwa. Katika saratani ya Burkitt kipande cha uzi wa vinasaba hukatika na kuunganishwa pasipo pake. MYC hujikuta karibu na kinasaba cha kutengeneza kinga, ambacho katika chembe zile huwa wazi wakati wote. Ni kama shamba lako limehamishiwa kando ya mfongo mkuu na lango halifungiki tena. Chembe inaambiwa igawanyike usiku na mchana. Ndiyo maana taya la mtoto huvimba kwa siku chache.

Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti wa Marekani na Ulaya yalionyesha faida ya kupima malango hayo. Kuna saratani nyingine ya matezi inayofanana sana na ya Burkitt kwenye hadubini, lakini matibabu yake ni tofauti. Kwa kupima utendaji wa vinasaba vingi kwa pamoja waliweza kuzitenganisha vizuri zaidi. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wameandikiwa saratani moja, na malango yao yakaonyesha ni nyingine. Kosa kama hilo ni kubwa, maana dawa zinazotosha kwa saratani moja huwa hazitoshi kwa ile nyingine.

Na saratani ya umio je?

Burkitt hakuishia kwenye taya za watoto. Akiwa bado Kampala, na baadaye kutoka London, yeye na wenzake walikusanya taarifa za saratani mbalimbali kutoka hospitali nyingi za Afrika, hasa za misheni. Saratani ya umio ilikuwemo. Ramani zao zilionyesha kwamba haikusambaa sawasawa. Kuna sehemu kama magharibi mwa Kenya ambako ilikuwa nyingi mno, na sehemu nyingine ambako madaktari waliiona mara chache.

Kazi hiyo inaendelea, na KCMC mjini Moshi ni sehemu yake. Hospitali hiyo imeshirikiana na watafiti wa Eldoret, wa Malawi na wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, kuwauliza wagonjwa na watu wazima wasiougua maswali yale yale: unatoka wapi, unakula nini, unakunywa nini, unavuta nini.

Upande wa vinasaba kumekuwa na hatua kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba aina mbili kuu za saratani ya umio ni kama magonjwa mawili tofauti. Aina inayoanzia kwenye utando wa umio, ambayo ndiyo nyingi sana kwetu Afrika Mashariki, malango yake yanafanana na ya saratani za mdomo na koo. Aina ya pili, iliyo nyingi kwa Wazungu wa Ulaya na Marekani, inafanana na saratani ya tumbo. Kwa hiyo dawa iliyomfaa mgonjwa wa Chicago haitamfaa lazima mgonjwa wa Himo. Huko Malawi nako watafiti walipima vinyama vya makumi ya wagonjwa, wakaona hata aina hii yetu ina makundi tofauti ndani yake.

Kwenye matibabu, hospitali za nchi tajiri sasa hupima kama uvimbe umefungua kinasaba kinachousaidia kujificha mbele ya kinga ya mwili. Kikiwa wazi sana, daktari anaweza kuongeza dawa inayoiamsha kinga iushambulie uvimbe. Dawa hizo zimewaongezea baadhi ya wagonjwa muda wa kuishi. Bado ni ghali mno, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina dawa wala kipimo chenyewe.

Lakini vinasaba havijajibu kila kitu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya uvimbe 552 wa umio kutoka nchi 8, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi. Watafiti walitafuta makovu ndani ya vinasaba, kama yale yanayoachwa na moshi wa sigara, ili wajue kwa nini sehemu fulani zina wagonjwa wengi. Hawakupata kovu moja linalozitofautisha sehemu hizo na nyingine. Maabara inaeleza uvimbe unavyofanya kazi na inaelekeza dawa. Kwa nini uwe mwingi hapa kuliko pale, hilo bado linatafutwa kwa njia ya Burkitt, kwa kuwauliza watu wanavyoishi.

Tunachokijua tayari

Majibu ya watu hao yameshatoa mambo kadhaa. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Meno mabovu na kinywa kisichosafishwa vimeonekana kwenda pamoja na ugonjwa huu. Na kuna chai.

Watafiti walipopima joto la chai inayonywewa hapa Kilimanjaro waliona kwamba watu huanza kuinywa ikiwa na nyuzi joto kama 70. Mwaka 2016 shirika lile la Lyon lilitangaza kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Ubaya hauko kwenye majani ya chai wala kahawa. Uko kwenye moto unaounguza utando wa umio kila siku, mwaka hadi mwaka. Huhitaji kipimajoto. Kama inabidi uivute chai kwa kelele ili isikuunguze, bado ni ya moto. Iache dakika chache zaidi, na uji vile vile.

Dalili ya kwanza ni chakula kukwama. Huanza na vyakula vigumu kama nyama na ugali, baadaye ndizi laini, kisha uji, mwisho hata maji. Mtu hupungua uzito bila kukusudia, na wengine hupata maumivu ya kifua au sauti kukwaruza. Wengi wetu tukiona hivyo hubadili chakula na kusubiri. Mama anaanza kumsagia mzee chakula chake, miezi inapita, na wakifika hospitali mara nyingi kilichobaki ni kuwekewa mpira wa kufungua njia ili angalau ameze.

Kama chakula kinakukwama kwa zaidi ya wiki mbili, nenda zahanati au kituo cha afya na uombe rufaa ya kipimo cha kamera ya umio. Kwa kamera hiyo daktari huona ndani na kuchukua kinyama kidogo cha kupima. Uvimbe ukiwahiwa unaweza kuondolewa kwa upasuaji, au kutibiwa kwa mionzi na dawa. Hata vipimo vya vinasaba, siku vitakapofika kwetu kwa wingi, vitaanza na kinyama hicho hicho.

Miaka ya mwisho

Huko Uingereza Burkitt alipata umaarufu wa pili. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyowasumbua Waingereza hakuwa ameyaona mara nyingi Uganda, akaamini sababu ni chakula. Waingereza walikula unga uliokobolewa, wanakijiji wa Uganda walikula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Alizunguka dunia akihimiza watu wale nafaka zisizokobolewa, mboga na maharage. Si kila alichodai kuhusu nyuzinyuzi kimethibitishwa kama alivyokisema, lakini madaktari wa leo wanakubali kwamba chakula cha namna hiyo hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Mtu anayekula dona badala ya sembe anafuata ushauri huo hata kama hajawahi kusikia jina la Burkitt.

Alipewa heshima nyingi. Mwaka 1972 aliingizwa katika chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, na mwaka 1992 alipewa tuzo kubwa ya sayansi mjini Philadelphia, Marekani. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Saratani ya watoto inayobeba jina lake bado inaonekana kwenye wodi za Tanzania, Kenya na Uganda. Ikiwahiwa na dawa zikipatikana bila kukatizwa, watoto wengi hupona.